Siku Tatu za Mkono wa Dresa

Jumanne, tarehe 17 Julai 1951. Ukungu mzito asubuhi, baridi ya kuuma masikio. Ndivyo nilivyoandika daftarini, na chini yake nikaongeza: "Leo dresa kaletwa kwangu. Mungu anisamehe, nimefurahi."

Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo daftari lile lina makosa, na mengine pengine si ya herufi. Nitaeleza mambo yalivyokuwa, na pale nilipokosea nitasema.

Wakati wa vita nilikuwa mtumishi wa wodi katika hospitali ya askari, huko Kenya. Palikuwa na bibi mmoja wa Kizungu ambaye hakuwa daktari wala nesi. Kazi yake ilianza pale daktari alipomaliza. Askari kavunjika mkono, mfupa umeunga, plasta imekatwa, lakini vidole vimekakamaa kama kuni. Bibi yule alimpa kazi: kusuka, kukanda udongo, kufunga na kufungua vifungo vya shati, mpaka mkono ukumbuke ulichokuwa ukikifanya. Mimi nilimbebea vifaa, halafu nikamsaidia, halafu akanifundisha. Siku ya kwanza ya mafunzo alinifunga mkono wa kulia kwa kitambaa tangu asubuhi mpaka magharibi, nifanye kila kitu kwa wa kushoto. Alisema asiyejua kukosa mkono hawezi kumrudishia mwenzake wa kwake.

Niliporudi Nachingwea, Wazungu walikuwa wanang'oa misitu wapande karanga, na mikono iliumia sana kwa matrekta, minyororo na magogo. Nikatandika mikeka barazani kwangu, nikaanza kazi ile ile. Lakini mgonjwa hajui kwamba kuna kazi kama yangu mpaka daktari amwambie. Daktari akimwambia umepona, basi kapona, hata kama hawezi kushika jembe. Bila daktari kunitumia watu, baraza langu lilikuwa la kuotea jua tu.

Ndiyo maana, mvua za kwanza zilipoanza, nikavaa kaptula iliyopigwa pasi, nikaenda hospitali na barua niliyoiandika siku nne. Nilichukua pia ukili, yaani ule utepe wa ukindu unaoshonwa kuwa mkeka. Ulisukwa na dereva mmoja wa Mtua aliyebanwa vidole, nikamtibu mimi. Mwanzo wake umelegea, unapitisha kidole. Katikati umeanza kukaza. Mwisho wake hata maji hayapiti. Niliona hakuna barua inayoushinda. Daktari angeutazama tu, angesoma mkono unavyorudi siku hadi siku.

Lakini daktari humfikii bila kupita kwa dresa. Yeye ndiye aliyefunga vidonda na kuamua nani aingie. Alikuwa kijana nadhifu, mwenye maneno. Aliipokea barua bila kuifungua, akaukunjua ukili, akajifunga kiunoni kama mcheza ngoma.

"Jamani wagonjwa, simameni!" akasema, akitikisa kiuno mbele ya benchi. "Mganga wa mikeka kafika! Mwenye homa atandikiwe, mwenye kuhara aviringishwe!"

Benchi zima lilicheka. Na mimi nilicheka. Ningenyamaza, pengine ningelala usingizi usiku ule. Nilicheka kama mtu anayemshukuru anayempiga kofi.

Barua haikufika. Mjini nikaitwa Daktari Mkeka, hata na watoto.

Nilitaka kuwa na haki. Nikajiambia labda kabila lake na langu ni watani, kwa sababu mtani akikutukana mbele ya watu huna kesi. Nikaenda kumuuliza mjomba wangu.

"Hao?" mjomba akasema. "Hatujawahi kutaniana nao hata msibani. Huyo kakutukana kavukavu, mwanangu."

Basi nikawa na ruhusa ya kuchukia. Nikaanza kuwatafuta watu ambao dresa aliwaambia wamepona ilhali mikono imekufa. Nilikwenda kwa baiskeli Mandawa, Chinongwe, Mtua, njia zikiwa tope tupu, baiskeli mara nyingine ikinipanda mimi. Nikapata watu saba, wakakaa kwangu na kwa jirani, kwa zamu, miezi yote ile. Sitasema niliwatafuta kwa huruma. Nilipokuwa namnyoosha mtu vidole, nilikuwa namwona dresa usoni pake. Ajabu ni kwamba mikono ilirudi vile vile. Mitano ilirudi. Miwili haikurudi.

Mwanzoni mwa Julai nikawapeleka hospitali wale watano, kila mmoja na jembe begani, saa ambayo daktari hutoka kukagua benchi. Daktari alijua Kiswahili cha kuamrisha. Akamwuliza mmoja wao, bibi kizee wa Mandawa, "Nani nasema wewe kwisha pona?"

Bibi akamnyooshea dresa kidole, kile kile ambacho mwezi wa pili hakikuweza kunyooka. "Mjukuu wangu huyu hapa. Aliniambia, bibi, mfupa umeunga, nenda ukalime. Nikamwuliza nilime kwa nini, kwa meno?"

Benchi likacheka. Dresa akatazama viatu vyake. Nikasikia utamu mwilini. Mfupa, hata hivyo, dresa aliufunga vizuri sana. Hilo siwezi kumnyima.

Daktari akanigeukia. "Yote napona?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nikasema, "Walikuwa saba, bwana. Wawili bado."

Akaisifu kazi. Kisha akasema maneno yaliyoniangusha: "Wewe nafundisha huyu dresa. Halafu kazi hii nafanya hapa hapa hospitali."

Hapo nikaelewa nilichokifanya. Nilikuja kumwaibisha adui, nikamkabidhi kazi yangu. Akishajua, hakuna mgonjwa atakayevuka barabara kuja kwangu.

Mke wangu aliposikia, alisema, "Mfundishe vibaya."

"Haifai."

"Basi mfundishe vizuri mpaka ajute."

Ndipo ikaja ile Jumanne ya ukungu. Dresa alifika na shati jeupe. Nikamwambia mafunzo yanaanza kwa kufungwa mkono wa kulia. Hilo lilikuwa kweli. Nikaufunga. Nikamketisha mwisho wa baraza, panapoonekana kutoka barabarani, nikamwekea ungo wa karanga amenye kwa mkono wa kushoto. Mahali pale hapakuhitajika. Ndani palikuwa na nafasi.

Hakupita mtu asiyesimama.

"Dresa, umeolewa lini?"

"Mwacheni, bi harusi ana haya!"

Alivumilia. Karanga zilimkimbia vidoleni, zikaviringika mpaka uani, kuku wakashukuru. Mchana hakuweza kuchota kwenye sahani moja na sisi, maana nani atachovya mkono wa kushoto katika chakula cha watu? Mke wangu akampakulia pembeni, peke yake.

Magharibi nikamfungua, nikamwambia, "Kesho tena." Jumatano nikamfunga. Alhamisi nikamfunga. Shati halikuwa jeupe tena na kifungo kimoja kilikosa tundu lake. Nilijua ninachokifanya. Daftarini nimeandika siku ya pili: "Haikuwa lazima."

Alhamisi alasiri, ungo ukiwa nusu, aliniuliza bila kuniangalia, "Na wewe, mwalimu, ulifungwa siku ngapi?"

Ningeweza kusema kumi. Hakuna shahidi wa Kenya anayeishi Nachingwea.

"Moja," nikasema.

Akaweka karanga chini. "Kwa hiyo hizi mbili ni zako mwenyewe."

"Ni zangu."

"Kwa sababu ya kiuno kile nilichokitikisa?"

"Kwa sababu nilicheka na mimi."

Akanigeukia. Nilidhani atanipiga kwa huo wa kushoto. Kisha akasema, "Mtu mmoja, kutwa nzima, nusu ungo. Na wewe umekaa naye kutwa hiyo hiyo, humwachi, unamhesabia vidole. Mimi benchi mbili zinajaa kabla sijanywa chai. Nitaifanya saa ngapi kazi hii? Nitamwambia daktari haikai hospitali. Awaandikie karatasi waje hapa."

"Usiseme kwa kunihurumia."

"Kukuhurumia?" Akacheka, na safari hii hapakuwa na benchi la kumsaidia. "Tangu juzi nakuombea upofu."

Nikamfungua kitambaa. Nilimfungua baada ya kuyasikia maneno yale, si kabla. Kama angesema ataichukua kazi, nadhani Ijumaa ningemfunga tena. Nimejiuliza mara nyingi kama kazi niliipata kwa sababu ni nzuri au kwa sababu niliifanya ichukize. Sijui hata leo. Alilosema alilitimiza, na kabla mwezi haujaisha alifika mgonjwa wa kwanza mwenye karatasi ya daktari, mwanamke wa Chinongwe aliyeungua kiganja. Dresa na mimi hatukupata kuwa marafiki. Alinitumia watu miaka mingi, na kila aliponiletea karatasi mwenyewe, alinikabidhi kwa mkono wa kushoto.

Jioni ile ya Alhamisi mke wangu alimwambia asiondoke na njaa. Alinawa mikono yote miwili, akaketi nasi. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, matonge yakamvunjikia, lakini alichovya pamoja nasi. Tulikula ugali wa muhogo na mbaazi zilizoungwa kwa karanga alizomenya yeye. Zilikuwa na vipande vya maganda. Tulivitema pembeni kimyakimya, yeye hali kadhalika, na alikula kuliko sisi wote.