Mashine ya Kidole na Salamu za Getini

Nilipewa kazi ya kusimamia wafanyakazi kwenye ghala la maharage hapa Kasulu. Shule yangu iliishia kidato cha nne, lakini niliitwa afisa rasilimali watu, nikalitamka jina hilo peke yangu njia nzima hadi nyumbani. Tayari nilishajiona na kampuni yangu, yenye maua mlangoni.

Nilidhani kazi yenyewe ni kupanga zamu tu. Kisha bosi wetu, mfanyabiashara wa mjini mwenye asili ya pwani, akaleta mashine ya kuweka kidole, ikafungwa ukutani ndani ya ghala. Ukiweka kidole baada ya saa moja, umechelewa. Ukizidisha, kazi huna.

Aliyenaswa ni mama mmoja mchambuzi wa maharage, mzaliwa wa kijiji cha Kitanga. Alikuwa anafika mapema kuliko wengi. Ila getini hapiti bila kusalimia, na salamu ya Kiha si ya kurusha huku unatembea. Unasimama, unainama, unapiga makofi taratibu, "Mwakeye," unaulizia watoto, unaulizia mihogo. Kila aliyekuja alipata yake. Mashine ikamhesabu mchelewaji.

"Mwambie akichelewa tena, basi," bosi aliniambia. "Najua ana watoto wanasoma. Lakini nikimwachia yeye, kesho nitawaachia wote."

Nilimfuata kwenye maharage. "Mama, weka kidole kwanza, halafu urudi kusalimia."

"Nimpite mtu mzima nikakimbilie kusalimia ukuta?" Wenzake wakaangua kicheko. "Hiyo mashine ilinizaa, mwanangu?"

Nami nilicheka, mpaka nikaona mikono yake imeacha kuchambua.

"Kweli nitafukuzwa?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Siku nzima niliwaza swali lake, nikagundua hata mimi nilikuwa nazitegemea salamu zake. Ni yeye aliyeninong'oneza fulani ana mtoto mgonjwa, fulani ni mjamzito, asibebeshwe gunia. Mashine inajua nani kaja. Haijui kaja na hali gani.

Nikaenda kwa bosi. "Bosi, kwako kazini panaanzia wapi?"

"Getini," akajibu bila kufikiri.

"Basi mashine ikae getini."

Akanitazama. "Dogo, unanizunguka."

"Sikuzunguki, bosi. Yule mama anawahi. Tunaochelewa ni sisi, kumhesabu."

Akaguna, akatikisa kichwa, akampigia simu fundi umeme.

Kesho yake, saa moja haijafika, mama aliikuta mashine kwenye nguzo ya geti, imewekewa kipande cha bati juu. Akaweka kidole. Ikatoa sauti ya kike, ikamshukuru kwa Kizungu. Mama akaruka nyuma.

"Kumbe inasema!"

Akainama, akaipigia makofi taratibu. "Mwakeye." Kisha akatugeukia sisi tuliokuwa tumesimama nyuma yake, akaanza kuulizia watoto.