Wali Ukishapaliwa

Enzi zetu sie wa Temeke, ukiambiwa kapalie wali ulijua unaenda kushika moto. Siku hizi kijana ukimwambia apalie, anazungusha kitufe cha jiko la gesi, moto unapungua, naye anarudi kwenye simu yake. Neno analo ila makaa hajayagusa.

Na asili ya neno ni hayohayo makaa. Kupalia ni kuchota makaa ya moto na kuyahamishia pengine. Asubuhi tulikuwa tunatumwa na kigae kwa jirani kupalia moto, maana kibiriti chetu mama alikificha kwa siku ya shida. Mtu akijitafutia balaa tunasema kajipalia makaa, asili ni hiyohiyo. Wali wa nazi ulipokaribia kukauka, makaa yalipunguzwa chini yakapandishwa juu ya mfuniko, nasi tukakaa hapo tunanusa tui linavyokaukia kwenye punje. Mama alikuwa na amri moja: wali ukishapaliwa haufunuliwi mpaka majivu yafagiliwe.

Dada yangu Zuhura alipata mchumba wa Kipawa, fundi wa vitanda pale Keko, na alimpenda kwelikweli. Mama wa kijana, Bi Tatu, alikataa kuleta posa mpaka aje ale kwetu. Zuhura akaambiwa apike peke yake, na mbele ya mgeni asifungue mdomo.

Bi Tatu alipofika hakukaa barazani. Alipitiliza hadi uani, akashika kitambaa, akafunua sufuria makaa yakiwa juu. Majivu pwaa, ndani ya wali. Mama akajishika mdomo, na mie nikajua posa imekufa.

Zuhura alikuwa amechuchumaa kando ya jiko. Sauti hakuipandisha.

"Samahani mama, wali ukishapaliwa haufunuliwi."

Bi Tatu akaomba upawa. Akakwangua wali wa juu wenye majivu, akavuta kigoda, akakaa hapohapo uani na Zuhura. Wakala wa chini mpaka ukoko, wakizungumza. Wakati wa kuaga alimwambia mama kwamba wakwe zake wote wanamwogopa, amechoka kuogopwa. Posa ikaja Ijumaa iliyofuata.

Sasa Zuhura naye ni mama mkwe. Juzi alikwenda kula kwa mke wa mwanawe, Mabibo. Akaelekea jikoni, binti wa watu akamrudisha kwa adabu zote: "Mama, kaa tu sebuleni, wali unaiva wenyewe." Jiko la umeme likajizima, chakula kikaletwa mezani. Dada kaniambia wali ulikuwa mzuri, hana la kulalamika. Ila mpaka anaondoka, yeye na mkwewe hawakuwa wameongea zaidi ya salamu.