Nilivyomuua Baba Mkubwa Akiwa Anaogesha Ng'ombe

Jamani, naomba mnicheke nikimaliza, msinicheke katikati, maana hii aibu nimekaa nayo miezi minane sasa, na kila nikikutana na mtu wa ukoo wetu swali la kwanza ni "Naomi, leo umeua nani?" na mie nabaki nimekenua meno tu kama mjinga. Basi leo naitoa mwenyewe kwa mdomo wangu, labda nitapumzika.

Baba Mkubwa wangu, Mzee Yohana, kaka yake baba, ana ranchi kule Chamazi. Yeye mwenyewe ndiye anayeiita ranchi, na getini kaandika RANCHI kwa rangi nyekundu, lakini msije mkafikiria ni maekari kwa maekari. Zamani ndiyo, sie tukiwa watoto ulikuwa ukisimama barazani huoni uzio unapoishia, ng'ombe sitini na ushee, ila sasa hivi mji umemfuata mpaka mlangoni, kushoto nyumba za kupanga, kulia fremu za maduka, nyuma kanisa lenye spika, na yeye katikati na ng'ombe wake kumi na moja wanaocheua huku wanasikiliza singeli ya wapangaji. Halafu hao hao majirani wapya wakaanza kulalamika harufu (mtu umekuja mwenyewe kujenga kando ya zizi, halafu unashangaa kunanuka ng'ombe, mie hapo huwa nakosa la kusema). Mzee wa watu akachoka, akatafuta eneo Kisarawe, akasema mwisho wa mwezi anahama.

Akanipigia simu. "Naomi, nasikia umenunua simu ya maana. Njoo unipigie picha za ranchi kabla sijang'oa mbao."

Sasa kabla sijafika kwenye picha, kuna kitu kilikuwa kinatuuma ukoo mzima, nacho ni Mzee Pazi. Huyu ni jirani wa upande wa bondeni, mzaliwa wa pale pale, ndiye aliyempokea Baba Mkubwa alivyotoka Singida hajui hata maji yanachotwa wapi, wakawa ndugu kabisa, Idi sie tunakula kwake, Krismasi yeye anakula kwetu (na kuku anachinja mwenyewe ili roho yake itulie). Miaka saba iliyopita dume la Baba Mkubwa, tulikuwa tunaliita Meneja kwa jinsi lilivyokuwa linatembea, likapotea, alama za kwato zikaonekana pembeni ya uzio wa Mzee Pazi, na Baba Mkubwa kwa hasira akamwita mwenzie mwizi mbele ya mjumbe. Toka siku hiyo salamu hakuna. Mzee Pazi alijaribu, akasalimia mwaka mzima bila kujibiwa, mwisho na yeye akanyamaza. Mchungaji kaongea, shangazi kapiga magoti, wapi! Mzee akishashika lake kashika. Na sasa anahama, zimebaki wiki mbili, na sote tulijua akishavuka kwenda Kisarawe basi tena, wale wazee watakufa hawajasalimiana. Baba yangu mzazi ndiyo usiseme, tukianzaga tu habari za Meneja yeye anakumbuka ana kazi nje.

Basi, Jumamosi asubuhi na mapema nikatoka kwangu Kiwalani, nikafika Chamazi, shikamoo Baba, marahaba mwanangu, nikanywa maziwa, kazi ikaanza. Nikapiga zizi, nikapiga birika la maji, nikapiga ng'ombe mmoja mmoja kama wanaombewa pasipoti. Baba Mkubwa naye kavaa koti lake la kanisani juu, chini mabuti ya mpira. Ikatoka picha moja, jamani, kaegemea nguzo ya zizi anaangalia mbali, uso umejaa fikra (ukweli alikuwa anamwangalia ndama anayetafuna shati lake kwenye kamba ya nguo, sekunde moja baadaye alitukana). Mie nikajiona fundi wa dunia. Tatizo moja tu, nyuma ya kichwa chake kulikuwa na ukuta wa jirani umepakwa pinki, ile pinki inayopiga kelele, ikaharibu ranchi yote.

Nikafikiri, nikitoa rangi je? Nikabonyeza, picha ikawa nyeusi na nyeupe, pinki ikapotea, ranchi ikarudi zamani. Nikaiweka stetasi kila mwenye namba yangu aione, hapo hapo, saa nne asubuhi, na nikaandika kwa mkono wangu huu huu: "Baba Mkubwa. Asante kwa yote. Hakuna kama wewe." Nikaweka na viganja viwili vya kuomba, na kanjiwa keupe, ka urembo tu.

Nyie mnaojua mambo yetu mshaelewa. Kwetu mtu mzima ukimwona stetasi yuko peke yake, hana rangi, anaangalia mbali, halafu anashukuriwa kwa yote, huyo ameshaoshwa, kilichobaki ni kuuliza mnazika wapi. Mie mwenyewe nimeandikiaga watu pole kwa picha za namna hiyo mara ngapi! Lakini siku hiyo akili ilikuwa kwenye ukuta wa pinki.

Na simu ikazima. Umeme ulikuwa umekatika toka alfajiri, chaji nimemalizia kwa ng'ombe, kwa hiyo kila aliyenipigia kuuliza "Naomi, ni kweli?" alikuwa anaambiwa sipatikani. Wakimpigia marehemu naye hapatikani, maana kiswaswadu chake, kile kisimu cha vitufe, anakiwekaga kabatini kimezimwa mpaka jioni, eti kisichoke. Sasa hapo unabisha nini? Baba Mkubwa akavua koti, akalitundika kwenye kiti chake barazani, akabeba bomba la dawa ya kupe akaenda kuogesha ng'ombe kule mwisho kabisa wa eneo, chini ya spika ya kanisa ambako hata ukiitwa husikii, mie nikajitupa kwenye kochi kupumzika kidogo.

Kilichoniamsha ni uwiii! Uwiii ya haswa, ya mtu anayejua kulia. Nikatoka barazani nimechanganyikiwa na usingizi, nikamkuta Shangazi Roda, dada yao, kaja moja kwa moja kutoka sokoni Tandale, kanga kiunoni, kajitupa chini.

"Shangazi, kuna nini?"

"Naomi mwanangu! Baba yako mkubwa ametuacha!"

Na mie, msinicheke bado, nikaangua kilio. Haki ya Mungu nikalia, nikajitupa chini pembeni yake, nikaita "Baba Mkubwa, umetuachia nani!" na machozi ya kweli, makamasi ya kweli, wakati mtu mwenyewe nimemwacha muda si mrefu anamfokea ng'ombe. Usingizi wa mchana, jamani, ni kitu kibaya. Nimelia vizuri tu, watu wakazidi kuingia, akina mama wa jumuiya na kanga zao, vijana na turubai, wengine wananishika mabega wananiambia jikaze, na sasa nani angebisha tena kwamba kuna msiba, mtoto wa nyumbani ndiye huyo anagaragara.

Ndipo nikamwona Mzee Pazi. Kasikia vilio kapita kwenye uzio, mikeka mitatu begani, ndoo ya maji mkononi, mzee wa miaka sabini na kitu, miaka saba hajakanyaga pale. Akatandika mikeka kimya kimya, akakaa, akajifuta macho na kofia yake. Akauliza kwa sauti ndogo, "Ameondoka saa ngapi?"

Hilo swali ndilo lililoniamsha. Nikaacha kulia palepale. Saa ngapi? Nani kaniambia? Shangazi. Shangazi kaambiwa na nani?

"Si wewe mwenyewe uliyeweka kwenye simu!" Shangazi akanijibu, na kilio hajakiacha.

Nikafungua mdomo niseme, na hapo hapo geti likafunguliwa, akaingia baba yangu. Sijawahi kumwona baba analia. Alipita katikati ya watu kama haoni mtu, akaenda mpaka kwenye kile kiti chenye koti, akapiga magoti, akalikumbatia koti akafumba macho.

"Kaka, nisamehe! Meneja hakuibwa!"

Akina mama wakaacha kulia, wakasogea wasikie.

"Ni mie, kaka! Uliniachia ranchi ulipokwenda kuzika Singida, mie nikaenda kibanda umiza kuangalia mpira, geti nikaliacha wazi! Nilivyorudi Meneja hayupo. Nikafuata kwato, zimepita pembeni kwa Pazi, zimeshuka bondeni mpaka barabara ya lami, zikaishia huko. Nilijua kabisa Pazi hana kosa. Uliporudi ukaziona zile za pembeni ya uzio wake, ukasema Pazi, na mie nikanyamaza. Kaka, nilikuogopa!"

Mimi sikuwa namwangalia baba tena. Nilikuwa naangalia kona ya nyumba, kwa sababu Baba Mkubwa alikuwa ametokea pale, mabuti ya mpira, bomba mgongoni, kalowa dawa ya kupe, anashangaa turubai. Mama mmoja wa jumuiya alimwona akasema "Yesu!" akakimbia na kiatu kimoja. Wale vijana wakaachia turubai likawafunika. Shangazi Roda akafumbua mdomo, sauti haikutoka, mara ya kwanza katika maisha yake.

Baba Mkubwa akanyanyua mkono. "Nyamazeni. Muacheni amalizie."

Baba akamalizia neno moja tu zaidi, "Nili...", ndipo akaitambua ile sauti. Akafumbua macho, akaangalia koti, akageuka akamwona mwenye koti. Sitawaeleza uso wake, ni baba yangu, ila alikwenda chini mzima mzima na kile kiti.

Kilichofuata nilikieleza mie kwa kigugumizi, picha, ukuta wa pinki, kanjiwa. Watu wakaanza kuguna, mmoja akacheka, mwingine akasema huyu mtoto achapwe. Baba Mkubwa hakucheka wala hakunichapa, hata hakunitazama. Alitua bomba, akavua mabuti, akatembea miguu mitupu mpaka kwenye mkeka alipokaa Mzee Pazi, akachuchumaa mbele yake.

"Pazi, shikamoo."

Jamani, Baba Mkubwa anamzidi Mzee Pazi miaka minne. Sijawahi kusikia mkubwa anamwamkia mdogo, na kwa mtu wa tabia yake, mbele ya jumuiya nzima, nilitamani ardhi inipokee kwa niaba yake. Mzee Pazi akamshika mikono haraka amnyanyue.

"Acha, Yohana. Mie mdogo wako."

"Nimekuita mwizi mbele za watu. Itikia mbele za watu."

Mzee Pazi akageuka, akawaangalia watu wote waliokuwa pale. Midomo ilikuwa inamcheza. "Marahaba," akasema, halafu akaongeza, "unanuka dawa ya kupe," na wakaanza kucheka wale wazee, kucheka na kulia kwa pamoja, huku wameshikana mikono.

Ule ubwabwa wa msiba ulishaanza kuchemka, tungeupeleka wapi? Tukaula. Kuku akachinja Mzee Pazi. Baba yangu alikaa pembeni na sahani yake mapajani, hali, mpaka Mzee Pazi mwenyewe alipomsogelea akamwekea paja la kuku akamwambia, "Kula Daudi, na wewe umebeba mzigo." Ila Baba Mkubwa alikwishampa adhabu yake, ataogesha ng'ombe kila Jumamosi mpaka kuhama, na baada ya kuhama atawafuata huko huko Kisarawe.

Watu walipopungua nikamfuata Baba Mkubwa, nikapiga magoti, nikamwambia nisamehe Baba, nimekuua bure, nimekutia aibu, nimewatoa watu kazini kwao. Alikuwa amekaa mkekani peke yake, Mzee Pazi kaenda kuswali.

"Wewe umeniua nusu siku," akaniambia. "Mie Pazi nilimuua miaka saba, na nilikuwa nampita kila asubuhi."

Nikaenda kusugua masufuria ya msiba wangu, yote, mpaka mikono ikanichubuka, na pale pale kwenye majivu nikaapa kwamba picha ya mtu mzima siitoi rangi tena, hata nyuma yake kuwe na ukuta wa pinki, wa njano, au wa rangi zote kwa pamoja, na nikitaka kumshukuru mtu kwa yote nitamfuata nimwambie akiwa ananisikia.