Wake Wenza Wawili na Kisanduku cha Chaneli Nane

Nilianza kutumia Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta usiouzwa, kwa sababu ya aibu, si kwa sababu ya elimu. Kwa miaka mingi nilikuwa nimefundisha hapa Karatu nikiwakanya wanafunzi wasinakili majibu ya wenzao. Siku moja mwenye duka la kutoa nakala akaniwekea kwenye kompyuta yangu mpakato programu ya kurekodia muziki, akaniambia kwa kujivunia, "Hii imeshavunjwa kufuli, mwalimu. Hulipi kitu." Nilipofika nyumbani niliitazama ile programu kama mtu aliyekuta kuku wa jirani bandani mwake. Niliifuta. Nikafuta na vingine vyote vilivyokuwamo, nikaweka mfumo ambao waliouandika wameutoa kwa hiari yao, ili mtu autumie bila kuwa mwizi.

Malipo ya uadilifu huo yalikuwa miezi ya taabu. Nilikuwa nimenunua, kwa mtu aliyefunga studio yake Arusha, kisanduku cha kuingizia sauti chenye matundu manane. Maikrofoni nane huingia kwa wakati mmoja, na kila moja huhifadhiwa katika chaneli yake, mbali na nyingine, hata baadaye uweze kuinyanyua sauti moja na kuzishusha nyingine. Kompyuta haikukitambua. Ilipokitambua, iliona matundu mawili tu. Nilisoma maandishi ya watu wa nchi nisizozijua, waliokuwa wameandika kwa subira ya kitawa, mpaka nikagundua kwamba akaunti yangu yenyewe haikuwa na ruhusa ya kuvishughulikia vifaa vya sauti kwa haraka inayotakiwa. Nikajiandikisha katika kundi la watumiaji wa sauti kwa amri ya mstari mmoja. Matundu yote yakaonekana.

Ikafuata mikwaruzo, kama mahindi yanayopasuka kikaangoni. Kompyuta huchota sauti kwa kata. Kata ikiwa ndogo mno, hushindwa kuchota kwa wakati, na sauti hukatikakatika. Ikiwa kubwa mno, mwimbaji aliyevaa hedifoni hujisikia amechelewa nyuma ya mdomo wake mwenyewe. Niliikuza kata hiyo hatua kwa hatua hadi mahindi yakanyamaza. Nakumbuka furaha ya siku ile. Mke wangu alinikuta nikizungumza peke yangu mbele ya maikrofoni nane, akarudi jikoni bila kuuliza.

Watu huniuliza mzee mzima kama mimi alikuwa akitafuta nini. Nilikuwa nikitafuta kitu nilichokikosa nikiwa na miaka kumi na sita.

Tulisoma shule ya bweni, mimi Mwiraqw wa Daa, au Mbulu kama wengi wanavyotuita, mtoto wa shamba la mahindi na maharage ya ngwara, na rafiki yangu Mmasai wa Olbalbal, uwanda mkavu ulio chini ya milima ya kreta. Shule ilikuwa na redio kaseti moja yenye kitufe chekundu cha kurekodia. Jumamosi, tukiwa kwenye karo la kufulia, rafiki yangu alikuwa akiimba wimbo wa mama yake, wa wanawake wanaoomba mvua na watoto. Kule kwao mama ndiye aliyeuanzisha, wenzake wakaitikia. Sisi wengine tulijifunza kuitikia tukiwa na mapovu hadi viwikoni, bila kujua maneno. Mwalimu wa zamu alipoturuhusu kuurekodi, kila mmoja alijisogeza mbele ya redio. Tulipousikiliza, aliyesikika ni yule mwenye mabega mapana kuliko wote. Rafiki yangu, aliyekuwa mwenye wimbo, alikuwa mvumo wa mbali. Hakulalamika. Alisema tu, "Mama hayumo humu."

Tulipomaliza shule baba yake alinipa ndama dume, na tangu siku hiyo tunaitana pakiteng, jina la watu waliopeana ng'ombe. Yeye akawa bwana mifugo hapa Karatu. Nywele zetu zimepata mvi katika mji huuhuu, na wimbo ule sijausahau.

Miaka michache iliyopita alikuja kwangu mchana, akakataa kiti.

"Pakiteng, kile kisanduku chako kimeshaacha kukaanga mahindi?"

"Kimeacha."

"Basi njoo nacho Jumamosi. Jumapili mama anahama."

Kwa desturi yao mama huzeekea kwa mtoto wa mwisho, na kitindamimba wake, mdogo wa rafiki yangu, alikuwa amehamishia mifugo Soitsambu, upande wa Loliondo, mwendo wa siku nzima. Mama alikuwa anamfuata. Mke mwenza wake, aliyeolewa baada yake katika boma lilelile, alikuwa anabaki Olbalbal kwa mwanawe. Wanawake wale wawili walikuwa wameimba pamoja tangu ujana wao: mmoja akianzisha, wa pili akiwa wa kwanza kuitikia, wengine wakimfuata. Simu za watu zilikuwa zimejaa vipande vya sherehe, lakini katika vipande hivyo husikii neno hata moja la anayeanzisha. Rafiki yangu alitaka maneno ya mama yake yasikike yote, moja moja, na tulikuwa na alasiri moja tu.

Tulishuka Olbalbal kwa gari lake la kazi. Upepo wa kule hauruhusu maikrofoni kukaa nje, kwa hiyo tuliomba chumba cha darasa, tukatundika mablanketi madirishani. Umeme ulitoka kwenye betri ya gari. Nilipanga maikrofoni kwa nusu duara, moja kwa kila mwanamke, na ya mwisho nikaitundika katikati juu ili ibebe sauti ya wote na mlio wa shanga na vyuma vya shingoni. Nilikuwa nimefikiri kuwaomba wavivue ili visipige kelele. Rafiki yangu alinitazama vibaya.

"Waambie na waache mabega nje kabisa," alisema, kwa kuwa kwao vyuma huimba pamoja na mabega.

Wanawake waliingia. Niliwaamkia wakubwa, "Takwenya," wakaitika, "Iko." Mama wa rafiki yangu alinipima kwa macho.

"Huyu ndiye Mbulu wetu? Mbona amenenepa? Mnalima mahindi mpaka mnafanana na gunia."

"Yeyo, hata ndama wenu amenichangia," nilijibu, nikimwita mama kwa lugha yao, na rafiki yangu alipotafsiri walicheka hadi nikaona sindano za vipimo kwenye kioo zikiruka. Kisha akatoka kuzima injini ya gari, na mimi nikafanya kosa.

Kila fundi wa sauti duniani hupima maikrofoni kwa kuhesabu. Nilikuwa nimefanya hivyo mara mia chumbani kwangu. Nikamwashiria mama aseme "moja" mbele ya maikrofoni yake, na mke mwenza aseme "mbili", ili kila mtu aijue chaneli yake. Kiswahili cha sokoni walikuwa nacho. Mama alisema "moja" kwa sauti ndogo, bila tabasamu. Mke mwenza alisema "mbili" akitazama chini. Wa tatu hakusema. Mkwe mmoja aliyefika sekondari aliinama juu ya kompyuta yangu, akasoma yaliyoandikwa, akainuka akiwa amebadilika uso.

"Mwalimu, umetuandika namba? Mimi ndiye sita?"

Mama alisimama. Akakusanya shuka lake na kwenda mlangoni, na wengine wakamfuata.

Rafiki yangu aliwakuta mlangoni. Walizungumza kwa Kimasai, kwa muda mrefu, na mara mbili nilimwona akiweka mkono kichwani. Aliponijia alikuwa na hasira ambayo sikuwahi kuiona tangu shuleni.

"Umewahesabu watu."

"Nilikuwa napima maikrofoni."

"Watoto hatuwahesabu. Ng'ombe hatuwahesabu mbele za watu. Wewe unamhesabu mama siku moja kabla ya safari? Aliyehesabiwa amewekwa tayari kupunguzwa. Unajua hilo! Umekula kwetu miaka thelathini!"

Nilijua. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Nililijua tangu nilipolala bomani kwao likizo ya kwanza, nikaona jinsi baba yake alivyosimama langoni jioni na kujua ni ng'ombe gani hajarudi, kwa kuwatazama tu rangi. Lakini mtu akishika mashine huanza kufuata adabu ya mashine na kuisahau ya watu. Nimesoma vitabu vingi kuliko wengi wa mji wetu, na siku hiyo havikunisaidia kitu. Siandiki hapa idadi ya wanawake wale, na aliyekwisha kuipata kwa hesabu zake na abaki nayo.

Nilitoka nje, nikainamisha kichwa mbele ya mama kama mtoto anayeamkia. Niliomba radhi. Hakunigusa kichwa mara moja; alinisubirisha. Hatimaye akaweka kiganja, akasema jambo, na rafiki yangu akatafsiri kwa ukavu: "Anauliza kama mashine yako inajua kitu kingine zaidi ya hesabu."

Nilirudi ndani, nikachukua plasta kwenye sanduku la dawa za mifugo, nikaziziba namba zote zilizochorwa usoni mwa kisanduku. Kisha nikamgeuzia mama kioo cha kompyuta na kumwomba anipe majina ya ng'ombe wao. Hapo uso ulimfunguka. Chaneli yake iliitwa kwa jina la ng'ombe wa kijivu aliyekuja naye alipoolewa. Ya mke mwenza ikawa mwekundu mwenye baka tumboni. Wengine walianza kubishana nani apewe mweusi, na yule mkwe akapewa mwenye pembe moja, jambo lililowafurahisha wote isipokuwa yeye. Kwa kupima sauti, nilimwomba kila mmoja amsimulie ng'ombe wake. Sijawahi kupata kipimo bora kuliko hicho. Walisema kwa sauti walizo nazo kweli, juu na chini, kwa kuchekana na kusahihishana.

Kisha wakaimba. Hakukuwa na mkwaruzo hata mmoja. Sauti ya mama ilikuwa nyembamba kuliko nilivyoitazamia, imechakaa pembeni, lakini kila neno lilikuwa limesimama. Mke mwenza alimwitikia kabla neno la mwisho halijaisha, kama mtu anayepokea kibuyu kabla hakijaachiwa. Nyuma ya kompyuta nilinusa, naapa, sabuni ya karo la shule.

Walipomaliza, rafiki yangu aliniomba nimwoneshe mama kile tulichokifuata. Nilimvika hedifoni, nikazifunga chaneli nyingine zote, nikaiacha yake peke yake. Rafiki yangu alikuwa akimtazama usoni, akingojea.

Mama alisikiliza ubeti mmoja, akavua hedifoni.

"Huyu ni nani mliyemwacha peke yake?"

"Ni wewe, mama."

"Ninaita, na hakuna anayeniitika. Wenzangu wamekufa?"

"Wapo, mama. Tumewanyamazisha kidogo tu, watoto wayasikie maneno yako."

"Watoto wanisikie nikiita kama mwenda wazimu porini?" Akanikazia macho. "Mrudishe huyu." Alimwonesha mke mwenza kwa kidevu, bila kumtazama. "Wengine nyamazisha ukitaka. Huyu hapana."

Ndivyo nilivyowaahidi, na ndivyo nilivyofanya. Nakala niliyowapa watoto wa rafiki yangu ina wanawake wawili. Jumapili gari lilikuja. Nasikia wake wenza hawakuagana kwa maneno. Mmoja alimfungia mwenzake mzigo, akaulegeza, akaufunga upya.

Miezi ilipita. Mtandao wa Soitsambu ni wa kupanda kilima, na mama hakuwahi kuipenda simu. Siku moja mchana rafiki yangu alimleta mke mwenza Karatu kutibiwa macho, na baada ya hospitali akaomba aletwe kwangu. Alikaa kwenye kiti changu cha kazi, fimbo mapajani, akasema anataka kumsikia mwenzake.

Nilifungua spika. Mama aliita, na mwitikio ukafuata. Mke mwenza aliinamisha sikio.

"Anayemwitikia ni nani?"

"Ni wewe, yeyo," rafiki yangu alimwambia.

"Mfunge mdomo. Mimi nipo."

Nikaifunga chaneli yake, nikarudisha wimbo mwanzo. Mama akaita chumbani mwangu, kati ya rafu za vitabu, na yule mwanamke akamwitikia kwa mdomo wake. Mara ya kwanza alichelewa. Mara ya pili aliwahi. Mara ya tatu mabega yake yalianza kwenda, na vyuma vya shingoni vikapata mahali pao. Rafiki yangu aligeukia dirisha.

Wimbo ulipokwisha mke mwenza aliuliza kama mwenzake kule aliko amesikia.

"Hapana, yeyo," nilisema. "Lakini nikikuwekea maikrofoni, nitaiweka sauti yako ya leo kando ya yake ya siku ile. Mwanao huyu atampelekea Soitsambu."

Alifikiri. "Na ya kuzungumza inaingia?"

"Inaingia."

Nikaunganisha maikrofoni, nikapima kimyakimya kwa jicho, nikawasha. Aliisogelea kama mtu anayenong'ona kwenye ukuta wa nyumba ya jirani.

"Siku ile ulianzisha juu mno," alisema. "Ulinichosha koo. Na kile kibuyu changu cha maziwa ulichoondoka nacho, najua."

Kisha akakaa wima, akanigeukia.

"Sasa mwache aanze."