Dawa Aliyoionja Muuzaji

Akina mama wenzangu wa jumuiya, mmeniomba niandike jinsi nilivyopona mikono. Naandika. Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo mkikuta r mahali pa l, ninyi songeni mbele.

Mimi ni mjane wa hapa Kasulo. Nilikuwa na mikono ya kazi: nalima maharage, nakata migomba, namenya ndizi za sufuria nzima huku nikisengenya. Na chakula nilikula nilichopika mwenyewe. Mama yangu alinilea hivyo. Kwetu anayekukaribisha kinywaji hukionja kwanza mbele ya macho yako, ndipo akupe. Asiyeonja, mwogope.

Sasa, mwaka hedhi yangu ilipokoma, tulienda harusi. Bernadeta, dada wa marehemu mume wangu, tuliyegombana naye kwa ajili ya mpaka wa migomba, akanipa kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi. Hakuonja! Watu walisema ni haraka ya sherehe. Nikanywa kwa aibu. Wiki haikuisha, vidole vikaanza kuvimba.

Vilivimba vya mikono yote miwili, sawasawa. Vifundo viling'aa, ukivigusa ni moto. Asubuhi vilikuwa vimekaza, mpaka jua lipande ndipo vilegee kidogo. Halafu viganja, halafu nyayo. Homa ndogondogo, jasho, nikakonda. Nilishindwa kufunga kanga. Chooni nilishindwa kujisafisha, na nalisema hili kwa sababu yuko mwenzangu anayelificha. Binti yangu Yustina akawa ananilisha matonge. Fikirini, mimi kulishwa! Nilikuwa nalitazama kila tonge. Nilijiambia, mikono hii isiporudi, nitakula kwa watu mpaka nife, na pengine nife kwa hicho chakula.

Yustina akanipeleka hospitali Biharamulo. Daktari alikuwa binti mdogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Akanibonyeza vifundo, akachukua damu, tukasubiri. Kisha akasema, "Bibi, hii ni baridi yabisi. Mwili una askari wake wa kupigana na vijidudu. Wako wamegeuka, wanashambulia viungo vyako. Ndiyo maana vinavimba na kuwaka. Wanawake inatupata zaidi kuliko wanaume. Tukiuacha moto huu, utakula mifupa, vidole vitapinda, hata moyo unaweza kuguswa."

"Nani amewageuza hao askari?"

"Hatujui, bibi."

Hapo nikajua ananificha. Daktari asiyejua! Akanipa vidonge, nimeze mara moja tu kwa wiki. Nikazidi kushuku. Dawa gani hiyo inayopumzika?

Nikamwambia, "Onja wewe kwanza."

Akacheka. "Mimi siumwi, bibi. Hii si rubisi. Nikimeza mimi itaniumiza bure."

Yustina akaona aibu, akainama. Mimi nikavitia vidonge kwenye mkoba.

Wakati wa kurudi tulishuka Nyakanazi kubadili gari. Pale stendi, kati ya wauza mahindi ya kuchoma, kulikuwa na mwanamume anauza unga wa mizizi. Kabla sijafungua kinywa, akaulamba mbele yangu. "Mama, mimi siwauzii watu nisichokitumia." Moyo wangu ukatulia kabisa. Nilinunua kopo. Vidonge vya yule binti nilivitupa chooni.

Na ule unga ulifanya kazi, sitawadanganya. Hazikupita siku nyingi nikawa namenya ndizi tena. Njaa ikaja, kiu ikaja, nikawa nakojoa usiku kucha. Yustina akasema, "Mama, mbona umenenepa uso tu?" Nikamwambia ni raha. Kopo likaisha. Tukatuma mtu Nyakanazi, muuzaji hayupo, hakuna ajuaye alikokwenda.

Hapo nikaanguka. Kutapika, kizunguzungu, mikono ikawaka kuliko mwanzo. Bernadeta akaja na uji. Nikageukia ukutani.

"Kunywa, wifi."

"Sinywi. Ulinipa rubisi bila kuonja."

Akapiga kofi paja lake. "Wewe mwanamke! Ningekuwa na sumu ningekupa mwaka ule ulipong'oa migomba yangu. Sasa ndiyo nikumbuke?" Akalinusa lile kopo tupu. "Hiki ndicho ulichokula? Yustina, chukua hili kopo, tumpeleke mama yako hospitali nalo."

Yule binti daktari alikwangua vumbi lililobaki, akaniangalia uso, akapima sukari, ikawa juu. "Bibi, humu kuna dawa ya hospitali imesagwa, dawa kali. Inazima moto haraka, lakini inaharibu kwingine, na ukiiacha ghafla unaanguka. Aliyelamba mara moja haimdhuru kitu."

Alinipa dawa ile ile ya kwenye kopo, ila waziwazi, akaipunguza polepole, na vile vidonge vya wiki. Nameza siku ya soko, nisisahau. Napimwa damu mara kwa mara. Ilichukua miezi, haikuwa muujiza. Ila asubuhi moja nilifunga kanga mwenyewe kabla sijakumbuka kwamba siwezi.

Namshukuru Mungu, yule binti, na Yustina. Bernadeta namshukuru pia, ingawa uji wake sijauzoea.

Dada zangu, viungo vikivimba pande zote mbili na asubuhi vikakataa kufunguka, msingoje na msimtafute mchawi. Nendeni mkapimwe. Na shukuni, sisemi msishuku, ila shukuni kwa maswali: hii ni dawa gani, inafanya nini, nikiiacha itakuwaje? Mimi nilichelewa. Kidole changu cha shahada kimepinda, na daktari amesema hakitanyooka tena. Mkinikuta kanisani mkitazame vizuri, halafu mjitazame vyenu.