Mulangira Hachomwi Sindano

Mwaka ule sukari ilipotea Kampala, tukanywa chai kavu huku tukimung'unya vipande vya sukari guru, na wali tuliujua kwa harufu tu, ukipikwa kwa mkubwa wa reli. Ndio mwaka surua ilipoingia kota za reli pale Nsambya, ikamshika mdogo wangu Wafula. Majirani Waganda hawakuitaja surua. Waliiita Mulangira, mwana wa mfalme, na mwana wa mfalme hachomwi sindano. Ukimuudhi anaondoka na mtoto. Basi Wafula akaogeshwa majani, akafungiwa ndani, watu wakawa wananong'ona kama wako ikulu.

Siku ya tatu kifua chake kikaanza kukoroma kama chungu cha maharage. Baba alikuwa safarini na treni. Nesi alishapita mara mbili kutuhubiria; wanawake waliitikia "ndiyo", alipogeuka wakabaki palepale. Na hospitali ilionekana kutoka mlangoni kwetu! Njia haikufungwa na umbali, ilifungwa na macho ya wanawake wa bombani. Mficha maradhi kifo humfichua. Mama akamfunga Wafula mgongoni, akapita katikati ya foleni ya maji mchana kweupe, mimi Nekesa nyuma na birika la uji. Jirani yetu Nalongo, mama wa mapacha, akapiga ukelele: "Nnyabo, unampeleka Mulangira kwenye sindano? Mrudishe! Akifa usituite kulia!"

Mama hakupunguza hatua. "Sirudi. Siziki mtoto kwa kuogopa maneno."

Wafula alirudi baada ya siku nne, anadai posho, ugali wetu wa mahindi. Mama akamketisha pale pale bombani, kifua wazi, wamwone anavyopumua. Hakuhubiri hata neno. Kesho yake Nalongo akabisha hodi, pacha mmoja mgongoni, anaungua kwa homa. "Mama Nekesa, njia ya hospitali ni ipi?" Njia anaiona! Mama akavaa kandambili, akampeleka.

Mjukuu wangu anasoma mambo haya chuo kikuu. Ananiambia, "Jjajja, mtu hapimi ugonjwa peke yake. Anapima hofu ya dawa, watu watasemaje, na kama mwenzake ameweza." Nikacheka. Mama yangu hakukanyaga darasa, na hayo yote aliyajua.

Siku hizi bomba limehamia kwenye simu. Juzi hapa Kyebando nimembeba kitukuu kwenda chanjo, jirani akanizuia getini, ananionyesha simu yake: chanjo inaharibu watoto, Jjajja, rudi ndani. Miguu ya mama sina. Mdomo wake ninao.

"Sirudi. Siziki mtoto kwa kuogopa maneno."