Joho la Kumi na Mbili

Fundi mmoja wa nguo walimwita Mama Mkasi, na jina lilimkaa barabara, maana mkasi wake ulikata vitambaa na ulimi wake ukakata watu. Kitu alichokipenda kuliko cherehani ni kutoa ushuhuda kanisani. "Nilitubu miaka ishirini na miwili iliyopita, nikamaliza!" Toba kwake ilikuwa kama surua: ukishaugua, basi tena.

Alifanya kazi na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, katika chumba cha mbele. Yeye anakata, wifi anashona. Wifi huyo ndiye aliyemlisha kwa kijiko alipofiwa, siku alizokataa kula. Mama Mkasi hakulisahau hilo, ila kulikumbuka mdomo ukishafunguka ndiyo kazi.

Basi kwaya ikaagiza majoho kumi na mawili, yote ya kipimo kimoja. Siku ya kuyajaribu, mwimbaji wa sauti nzito akavaa la mwisho, mikono ikammeza hadi kucha. Kwaya nzima ikaangua kicheko. Mama Mkasi kwa aibu akaropoka, "Muulizeni wifi! Mimi nakata vizuri, yeye ndiye anayeshona ovyo."

Wifi aliweka futi yake ya kupimia mezani, akaenda zake.

Asubuhi yake saa tatu ikafika, wifi hajaja. Saa nne, hajaja. Mama Mkasi akatandika majoho mezani, moja juu ya jingine, atafute ushahidi. Loo! Mishono ya wifi ilifuata alama zote, haikupotoka hata uzi. Bali kila joho lilizidi lililotangulia kwa unene wa mstari wa chaki butu ya Mama Mkasi mwenyewe. Karatasi ngumu ya kipimo cha kukatia ilikuwa pale pale ukutani, ina vumbi. Joho la kwanza alilipima kwa karatasi. La pili akalipima kwa la kwanza, la tatu kwa la pili, kwa uvivu wa kunyoosha mkono tu.

Angeweza kupunguza mikono ile, akanyamaza, yakaisha. Nani angejua? Lakini aliketi kwenye kiti cha wifi, machozi yakamtoka. "Bwana, nilisema nimemaliza. Kumbe tangu lini sijakutazama?"

Akaenda kwa wifi, akamkuta uani, anaanua nguo.

"Wifi, nimekukosea. Kosa ni langu, nikakutwisha wewe mbele za watu. Nisamehe. Na mbele za watu nitalisema."

"Mimi nililiona tangu joho la tano," wifi akasema.

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia! Ukanijibu ulishika mkasi kabla mimi sijaota meno."

Wakacheka mpaka shuka likaanguka chini. "Nilishakusamehe jana," wifi akasema. "Ila leo nilitaka ushone mwenyewe, uone kazi."

Jioni, kwenye mazoezi, Mama Mkasi akasimama. Kwaya ikaegemea viti, ikijua kinachokuja.

"Nilitubu leo asubuhi," akasema. Watu wakakaa sawa. Akaeleza yote, hadi lile vumbi la kwenye karatasi. "Namshukuru Mungu, hajanichoka. Na wifi yangu naye, ahsante, hajanichoka."

"Kwa hiyo sasa umemaliza?" mwimbaji wa sauti nzito akamtania.

Mama Mkasi akamtazama wifi yake, akatabasamu.

"Thubutu! Kesho naanza tena kwenye karatasi."